Vita vya Salamani Dhidi ya Usingizi

Ukiitafuta Jamhuri ya Salamani kwenye ramani hutaiona, maana ramani yetu ya mwisho bado iko kwenye Kamati ya Rangi, na kamati haijaelewana kuhusu bahari. Lakini tupo. Tuna wimbo wa taifa wenye beti tisa, tuna bunge lenye viyoyozi, na tuna sifa moja ambayo mataifa makubwa yanaililia hadi leo: sisi tulimaliza dawa za kulevya kwa siku moja. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na dakika kumi alasiri, kabla ya chai.

Nasema hivi kwa fahari kwa sababu mimi ni mtumishi wa serikali. Naitwa Shomari, karani daraja la tatu, Idara ya Vizazi na Vifo, dirisha namba mbili. Dirisha namba moja ni la vizazi na lina pazia la maua. Langu halina pazia.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi, hata mtoto angeikariri. Kifungu cha kwanza kilisema kwamba katika Jamhuri ya Salamani dawa za kulevya hazipo. Kifungu cha pili kikasema atakayekutwa nazo atafungwa miaka thelathini, kwa kosa la kumiliki kitu kisichokuwepo. Kifungu cha tatu kikasema atakayekutwa karibu na mtu huyo atafungwa miaka kumi, kwa kosa la kushuhudia. Wabunge walipiga meza kwa furaha mpaka moja ikavunjika mguu. Mbunge mmoja wa upinzani alisimama akauliza, na hawa wanaotumia sasa hivi wafanyeje? Spika akamjibu kwamba swali lake limechelewa kwa dakika mbili.

Basi watu wa unga, wale tuliozoea kuwaita mateja, wakazidi kujificha kwenye majumba ambayo hayajaisha kujengwa. Mmoja akijidunga akazidiwa, wenzake walitimua mbio. Si kwamba hawakumpenda. Miaka kumi ni mingi. Mtu akabaki peke yake sakafuni, na baada ya siku moja au mbili jambo lake likafika dirishani kwangu.

Fomu ya kifo ina kisanduku namba kumi na nne, kinachoitwa Sababu. Daktari wa hospitali ya mkoa mara ya kwanza aliandika ukweli, akahojiwa siku mbili mfululizo: hizo dawa zisizokuwepo amezionea wapi? Mara ya pili akakiacha kisanduku wazi. Sasa fomu yenye kisanduku wazi haipokelewi, na mimi sina mamlaka ya kubuni. Nikaipeleka kwa Mkurugenzi wangu, Bwana Mshindo, mtu mwenye busara nyingi na kalamu tatu mfukoni.

"Marehemu alikutwaje?" akauliza.

"Chali, mzee. Macho yamefumba. Kama mtu aliyepitiwa na usingizi."

"Si umeshajibu? Andika usingizi."

Nikaandika usingizi. Mwandiko wangu ni mzuri, hilo hata maadui zangu wanakubali. Mwaka ulipoisha, kwa mujibu wa daftari la serikali, usingizi ulikuwa umeua watu mia nne na sita. Malaria ilikuwa ya pili kwa mbali, na ajali za barabarani zilikaribia kuona haya.

*

Takwimu zetu hupanda ngazi. Zikitoka kwangu huenda kwa Bwana Mshindo, zikapigwa muhuri, zikaenda wilayani, zikapigwa muhuri, na zikifika Wizarani hakuna tena anayekumbuka zilipikwa wapi. Ndivyo ilivyotokea kwamba Waziri wa Afya, Mheshimiwa Daktari Balozi Kanali Mstaafu Lugongo, alisoma jedwali letu akashtuka kwa dhati kabisa ya moyo wake. Jioni hiyohiyo akahutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi! Adui yumo vitandani mwetu! Adui huyu hana pasipoti, hana sura, wala hatishwi na chandarua. Anamvizia mzalendo aliyejinyoosha, anamnong'oneza, 'Fumba macho.' Na mzalendo, kwa upole wake, anafumba! Kuanzia leo natangaza vita dhidi ya usingizi, na mimi binafsi sitafumba jicho mpaka ushindi upatikane!"

Kesho yake alionekana amesinzia kwenye semina, mdomo wazi. Ofisi yake ikatoa ufafanuzi kwamba Mheshimiwa alikuwa anampeleleza adui kwa karibu.

Kikaundwa Kitengo cha Kuamsha, chenye vijana mia sita waliovaa vizibao vya njano na kuning'iniza filimbi shingoni. Waliruhusiwa kuingia popote penye mtu aliyelala. Magodoro yalipimwa kwa rula, na yaliyozidi inchi nne yalichongwa hapohapo na mafundi wa halmashauri. Mahubiri yalipewa kikomo cha dakika nane. Bibi mmoja wa mtaa wa juu aliamshwa mara tano katika alasiri moja, na mara ya tano akamtandika Mwamshaji kwa kandambili. Bunge peke yake lilisamehewa, kwa maelezo kwamba usingizi wa wabunge hauna madhara kwa kuwa hulalwa kwa kukaa.

Wa kuwafundisha vijana hao akateuliwa Nesi Skolastika, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyefanya kazi wodi ya dharura miaka ishirini na minane na mdomo wake haujawahi kuwa na breki. Nasikia alipousoma waraka wa Waziri alicheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akausoma tena polepole, akaomba karatasi zenye nembo ya Wizara.

Aliandika maombi matatu. La kwanza, Dawa ya Kuamsha Wasiosikia Filimbi, ambayo mtu hupuliziwa puani na pumzi ikarudi. La pili, Chumba cha Usingizi Salama, ambamo anayetaka kulala atalala mbele ya nesi, akiwa na vifaa vya kulalia vilivyo safi. Niliona vifaa hivyo vikiteremshwa kwenye gari: vilikuwa mabomba ya sindano. La tatu, kikombe kimoja cha dawa kila asubuhi kwa yeyote anayetaka kupunguza usingizi, anywe mbele ya nesi, ili mwili usimtese kwa kuukosa. Waziri akatia saini yote matatu bila kuuliza, kwa sababu kila kichwa cha barua kilikuwa na neno usingizi.

Kisha Nesi akaja dirishani kwangu kutaka orodha ya mitaa ambako usingizi unaua zaidi.

"Nesi," nikamwambia kwa sauti ya chini, "huu usingizi si ndio ile..."

"Ile ipi, Bwana Shomari? Kwani ipo?"

Nikatazama nyuma. Bwana Mshindo alikuwa anachonga penseli.

"Haipo," nikasema.

"Haya, nipe orodha yangu niende zangu, jua kali."

*

Milango miwili kutoka kwangu anakaa Bi Mwanakheri, fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Mwanawe ni mmoja tu, Twalibu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka ishirini na saba. Twalibu alikuwa fundi redio, na si fundi wa kubahatisha. Redio yangu ilikuwa imekataliwa na mafundi watatu. Yeye aliifungua, akaiwekea sikio, akasema, "Mjomba, hii haijaharibika, imechoka tu kusikiliza hotuba," na baada ya saa moja ikaimba.

Kisha unga ukamchukua. Ikaondoka pasi ya kuunganishia nyaya, ikafuata pasi ya mama yake ya kunyooshea sare. Bi Mwanakheri alikonda, akawa anashona huku sikio liko mlangoni. Siku moja aliniambia bila kulia, kama mtu anayeeleza kipimo cha suruali, "Bwana Shomari, nimeshamkatia sanda. Naona nikimaliza kazi hiyo mapema sitahangaika siku ikifika." Nilikwenda kazini nikaandika usingizi mara tatu kabla ya saa sita, na kila mara niliogopa kugeuza fomu kutazama jina.

Siku ilifika kweli, saa saba mchana, nyuma ya gereji. Twalibu alianguka, midomo ikawa ya bluu. Zamani wenzake wangetokomea. Lakini sasa mtaani palikuwa na vita vya usingizi, na kusimama karibu na mtu aliyelala halikuwa kosa, bali uzalendo. Wakapiga kelele, "Amelala! Huku, amelala!" Vijana wawili wa njano, mvulana na binti, wakaja mbio. Wakapuliza filimbi, kimya. Wakammwagia maji, kimya. Yule binti akakumbuka mafunzo ya Nesi, akampulizia dawa puani, akamlaza ubavu, akamshika mkono. Twalibu akavuta pumzi moja ndefu, akaketi, akauliza nani kachukua viatu vyake.

Kesho yake alikwenda kunywa kikombe. Na kesho yake tena. Mwezi wa kwanza alikuwa anakwenda kwa kusindikizwa na mama yake, mwezi wa tatu alikwenda mwenyewe, na mwezi wa tano akafungua meza ya redio pale kwenye kona. Bi Mwanakheri akanenepa. Akaanza hata kuicheka suruali yangu ya kazini, akisema imeshonwa na mtu mwenye kinyongo. Nilifurahi sana kuchekwa.

Si Twalibu peke yake. Mwaka huo usingizi uliua watu thelathini na mmoja tu. Dirishani kwangu pakawa kimya mpaka nikaazimwa kwa dirisha namba moja, kukata vyeti vya watoto nyuma ya pazia la maua. Waziri alitangaza ushindi mara nne.

*

Ushindi ukivuma huja wageni. Walikuja madaktari sita kutoka nchi za mbali, wapole, wenye viatu vya kutembelea, wakakaa siku nzima kwenye Chumba cha Usingizi Salama. Waliuliza maswali mazuri, wakamkumbatia Nesi Skolastika.

Sasa kwetu Salamani mgeni haondoki bila kuandika kwenye kitabu cha wageni. Hata fundi bomba wa Ikulu huandika. Na Waziri ana desturi yake: yale waliyoandika wageni huyasoma mwenyewe redioni, moja kwa moja, bila kuyapitia kwanza, kwa sababu sifa, kama anavyosema, zinapendeza zikiwa moto. Jioni ile taifa zima lilitega sikio.

"Wanasema hivi," akaanza Mheshimiwa Lugongo kwa sauti nene. "'Tunaipongeza Serikali ya Salamani kwa ujasiri wake. Mmeacha kuwawinda watumiaji wa dawa za kulevya na mmeanza kuwatibu, na mamia ya watu wako hai kwa sababu...'"

Hapo redioni ukapigwa wimbo wa taifa, beti zote tisa.

Jambo lilikuwa zito. Waziri alikuwa ametaja hewani kitu kisichokuwepo. Kama wageni wamesema kweli, sheria imesema uongo. Kama sheria imesema kweli, basi Nesi, Waamshaji mia sita na kila anywaye kikombe wanashughulika na kitu kisichokuwepo, miaka thelathini kila mmoja. Bunge likaitishwa kwa dharura kuamua iwapo dawa za kulevya zipo. Mpaka uamuzi utoke, Chumba kikafungwa kwa kufuli na nta, vizibao vikarudishwa stoo, dawa ya puani ikawekwa kwenye sanduku la ushahidi, na vikombe vikafunikwa.

Siku ya kwanza waheshimiwa walijadili maana ya neno kuwepo. Siku ya pili waliahirisha kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kinakoroma. Siku ya tatu niliitwa kupeleka daftari langu, na Bi Mwanakheri akanifuata. Tukamkuta Waziri anashuka kwenye gari.

"Mheshimiwa baba," Bi Mwanakheri akapiga goti kidogo, "mwanangu amekosa kikombe leo siku ya tatu. Anatetemeka, anatapika, mifupa inamuuma. Anajizuia, lakini anajizuia kwa meno. Tunaomba mfungue hata saa moja tu, wanywe, mfunge tena."

"Mama yangu, pole sana," akasema Waziri, na nadhani alimaanisha, maana alimwekea mkono begani. "Serikali iko macho. Demokrasia haitaki papara. Yeye mwambie avumilie, na akilala, mwamshe."

Siku ya tano wabunge walitaka kuonyeshwa kitu chenyewe ili waamue kwa haki. Polisi mmoja akakileta kwenye bahasha, na bahasha ikapitishwa kiti hadi kiti. Kila mheshimiwa ilipomfikia alifumba macho asije akawa shahidi. Ilipomaliza kuzunguka, Spika aliuliza nani amekiona. Hakuna aliyekiona. Polisi aliyekileta akakamatwa na polisi aliyesimama mlangoni. Siku ya sita ilikuwa mapumziko.

Huku mjini wenzake Twalibu walikuwa wameanza tena kukimbia. Fomu zikarudi dirishani, mbili, kisha nne, kisha saba. Bwana Mshindo alitoa waraka: kisanduku namba kumi na nne kiachwe wazi mpaka Bunge liamue. Nikazipanga mezani zikiwa wazi. Sikupenda kuzitazama.

Twalibu alivumilia siku saba. Siku ya nane, baada ya sala ya adhuhuri, alimwambia mama yake anakwenda kununua waya. Mwili uliokuwa umezoea kikombe haukuhimili tena kipimo chake cha zamani cha unga. Waliokuwa naye waliondoka. Bi Mwanakheri alimkuta kwenye ngazi za jumba bovu, akaupigia kelele mtaa mzima, "Amelala! Amelala!", na watu wakafunga madirisha. Yule binti wa njano alikuja mbio bila kizibao na bila dawa, akambonyeza kifua mpaka mikono ikafa ganzi. Tulimzika jioni ileile. Nililia, wala sioni haya kuliandika hilo.

*

Siku ya tisa waliitwa mashahidi, na shahidi alikuwa mmoja tu, Nesi Skolastika. Alitoka rumande, alikowekwa tangu Chumba kifungwe, miwani ikiwa na uzi mpya.

"Waheshimiwa," akasema, "sina maneno mengi. Kabla ya kile chumba kazi yangu ilikuwa kufunika watu shuka usoni. Chumba kilipofunguliwa kazi yangu ikawa kuosha vikombe. Wiki hii mmenirudisha kwenye shuka. Mimi ni mwajiriwa, nafanya ninachoambiwa. Semeni mnataka nifanye kazi ipi."

Safari hii hakuna aliyekuwa amelala. Mbunge mzee wa chama tawala akatoa leso. Saa tano na nusu, sheria mpya ilipita: dawa za kulevya zipo, anayezitumia ni mgonjwa, si mhalifu, anayeita msaada hakamatwi, chumba kifunguliwe, dawa ya puani igawiwe mitaani, na kikombe kiwepo kila asubuhi pamoja na sikukuu. Ni sheria nzuri. Nimeisoma mara tatu na sikuona pa kucheka.

Waziri akaenda redioni. "Ndugu wananchi, nimekuwa nikilisema hili siku zote moyoni! Mataifa mengine yamehangaika miaka hamsini. Sisi tumemaliza kwa siku tisa tu! Na nafurahi kuwajulisha kwamba katika siku zote hizo tisa, hakuna mwananchi hata mmoja aliyepungukiwa na kitu!"

Kesho yake asubuhi Bi Mwanakheri alikuja ofisini. Ni jirani yangu, angeweza kupitia mlango wa nyuma, lakini alipanga foleni kama watu wote, akiwa na buibui lake jeusi na karatasi ya hospitali mkononi. Zamu yake ilipofika akaisukuma chini ya kioo.

"Waliipitisha lini?" akauliza.

"Jana, mama. Saa tano na nusu."

Akatingisha kichwa taratibu, akahesabu kitu kwa vidole, akaacha.

"Sasa ipo, si ndiyo?"

"Ipo, mama."

"Basi iandike. Usiniandikie usingizi. Mwanangu namjua anavyolala."

Nikaandika jina la kitu kilichomuua Twalibu, na herufi zangu, zilizosifiwa kwa miaka yote hiyo, zikapinda. Kisha nikaongeza mstari chini yake, ambao fomu haikuniomba: huduma ilikuwa imefungwa kwa amri. Bwana Mshindo alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisoma, akachomoa kalamu moja mfukoni, akairudisha, akaenda zake.

"Nipe na nakala," akasema Bi Mwanakheri. "Moja nabaki nayo. Moja nampelekea Mheshimiwa."

Nakala kwa utaratibu huchukua siku ishirini na moja. Nilimpa palepale. Halafu, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya utumishi wangu, nikafunga dirisha namba mbili saa tatu asubuhi, nikamsindikiza kwa miguu mpaka Wizarani.

Mlinzi wa getini alitutazama juu hadi chini, akauliza kama tuna miadi, na Mheshimiwa aambiwe amekuja nani.

"Mwambie," Bi Mwanakheri akasema, "amekuja yule aliyepungukiwa."